Hatua Mia Moja

Marienau, Missouri
20 Januari 1918

Dada Gunda,

Sisi hatujambo, ila baridi. Mto umeganda mpaka ng'ambo, meli haziji, kwa hiyo mzigo wote wa mji huu unashuka stesheni, na karibu wote unapanda gari langu. Makaa ya shule, sukari ya duka la Voss, juzi piano ya mke wa daktari. Piano, dada! Ngazi kumi na nne, mume na mke, mimi na Hulda na kamba moja. Cobb, yule mwenye gari mwenzangu, anafungua farasi saa tisa alasiri eti vidole vinamuuma. Vyangu vilikufa mwaka 1904, haviniumi tena.

Miaka ishirini na mitano niko Amerika na sijamwita mtu yeyote bosi. Gari langu, farasi wangu, mgongo wangu. Hulda anasema siku moja majivuno haya yatanitokea puani. Namwambia pua yangu kubwa, yatapita tu.

Sasa sikiliza. Serikali imebandika tangazo posta. Kila mwanamume Mjerumani ambaye si raia ajiandikishe mwezi wa pili, apigwe picha, achovywe vidole kwenye wino kama mwizi wa kuku. Akishaandikwa anaitwa mgeni adui, na haruhusiwi kukanyaga ndani ya hatua mia moja za stesheni wala za gati. Maskini mzee Hubert, yeye si raia, na tumbaku yake huifuata stesheni! Mimi hayanihusu. Nimepiga kura sita za rais na hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini Gentry wa posta ana macho mapya siku hizi, ananitazama kama mzigo usio na anwani. Nataka nimfunge mdomo mara moja. Cheti changu cha uraia, kile chenye tai na muhuri mwekundu, kiko hapo kwako kwenye kasha la mama, chini ya mashuka. Nitumie upesi.

Alois wa jirani yetu Mama Brüning amechukuliwa jeshini, yuko kambini Kansas. Mama yake ameweka picha yake dirishani, sare na kofia, ili wale wapaka rangi wanaowinda Wajerumani waione wapite. Wiki jana walipaka mlango wa kanisa letu manjano. Utoto tu.

Kaka yako,
Lambert


St. Louis
29 Januari 1918

Kaka Lambert,

Karatasi hii hapa, nimeifunga ndani ya kitambaa isikunjike. Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa na mafua, halafu mama mwenye nyumba alikuwa na wageni, nimepika bata saba kwa siku mbili.

Lakini kaka, kwani lazima umwonyeshe Gentry? Kama hajaomba, kaa nayo. Na akiomba, nenda saa ambayo hakuna watu, mpe kimya kimya, asome mwenyewe. Mtu mzima hajionyeshi. Unajua mdomo wako ukishaanza haurudi nyuma.

Hapa kwetu mtaani mwoka mikate amebadilisha jina la duka. Padri hahubiri tena Kijerumani. Mimi naenda sokoni nanyooshea kidole ninachotaka, sisemi neno. Wananidhani bubu.

Msalimie wifi. Mwambie avae soksi mbili.

Gunda wako


Marienau
10 Februari 1918

Wifi yangu Gunda,

Ninaandika mimi kwa kuwa Lambert hataki kushika kalamu. Yuko banda la farasi toka asubuhi, anawachana wale wanyama mpaka manyoya yataisha.

Alikwenda posta Jumatatu. Nilimwambia subiri watu watawanyike, akasema watu ndio anaowataka. Akavaa koti la Jumapili, nami nikamfuata. Posta ilikuwa imejaa, barua za treni zilikuwa zimeingia sasa hivi. Akaitandika karatasi juu ya meza kwa kishindo.

"Soma, Gentry! Soma kwa sauti, leo bure!"

Gentry akasoma kimya. Akarudia. Nikamwona anaanza kutabasamu, na wifi, tabasamu lile sitalisahau.

"Lambert," akasema, "hapa imeandikwa unakusudia kuwa raia. Mwaka 1896. Umekusudia miaka ishirini na miwili, ndugu yangu? Hii ni karatasi ya kwanza, inatosha kupiga kura tu. Ya pili iko wapi?"

Lambert akasema, "Ya pili ipi?"

Basi watu walicheka. Cobb alicheka mpaka akashika ukuta. Watu ambao Lambert amewabebea makaa, amewabebea vitanda vya harusi. Akabaki amesimama na kofia mkononi, anawatazama mmoja mmoja.

Wakamwandikisha palepale. Vidole vyake vilikataa kushika wino, Gentry alirudia mara tatu, kwa sababu ngozi yote imekwisha kwa kamba. Nikauliza na mimi je? Nimezaliwa hapa, baba yangu kazaliwa hapa. Akajibu, "Sheria inasema mke ni wa kule atokako mumewe. Na wewe mama ni Mjerumani toka siku ya harusi." Nilicheka, nikidhani ni utani wake. Hakuwa anatania.

Kwa hiyo stesheni hatakanyaga, wala gati barafu ikiyeyuka. Na kazi yake ni stesheni na gati. Akikutwa ndani ya hatua mia, wanamchukua mpaka vita viishe, hivyo ndivyo Gentry alivyomsomea.

Usijilaumu kuituma, wifi. Karatasi yenyewe ya Kiingereza, ungejuaje wewe?

Hulda


Marienau
24 Februari 1918

Dada Gunda,

Najua Hulda amekuandikia, wanawake hamwezi kukaa na neno. Usitie chumvi juu ya aliyotia yeye. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hebu cheka kidogo. Teasdale, mkuu wa stesheni, si unamkumbuka, yule Mwamerika mrefu anayefuga nyuki? Alinijia mwenyewe nyumbani. "Lambert, sheria imesema hatua mia, haikusema mia na moja." Akatoka mlango wa stesheni akaanza kuhesabu kwa sauti, mimi namfuata kwa upande wa barabara. Ya mia ikaangukia mbele ya mhunzi. Tukaweka pipa. Sasa kila treni ikija, Teasdale anasukuma mzigo kwa kitoroli mpaka kwenye pipa, mimi napakia. Mzee wa miaka sitini anatoka jasho kwa ajili yangu, na simlipi hata kikombe cha kahawa, maana hanywi. Nilimwambia, "Bwana, ungekuwa na miguu mifupi ningekuwa jirani na jukwaa." Akacheka, ndevu zote zikatikisika.

Cobb huja kukaa juu ya kreti karibu na pipa. Anatazama miguu yangu. Akiniona nimelisogelea pipa upande wa stesheni, anatoa daftari.

Farasi wetu Fanni alikutwa na mstari wa manjano toka shingoni mpaka mkiani. Nimeusugua kwa mafuta ya taa. Hulda anajifanya hakuuona, nami najifanya sijui kwamba anajifanya. Hayo tu. Hakuna kubwa.

Lambert


St. Louis
4 Machi 1918

Kaka,

Silali. Kila nikisikia kwato barabarani nadhani ni wewe umekimbia.

Nasikia kuna kibali. Mtu wa kazi nzuri na tabia nzuri anaweza kuruhusiwa kuingia stesheni. Ofisi ya serikali inayoshughulika na Wajerumani iko hapahapa, mitaa miwili kutoka jikoni kwangu. Niende nikuombee? Niko tayari kupiga magoti. Kuna jambo ninalodaiwa na moyo wangu juu yako, siwezi kuliandika hapa. Nijibu haraka.

Gunda


Marienau
17 Machi 1918

Dada Gunda,

Usiende. Jina likishaingia ofisi ile halitoki. Acha nipite na pipa langu.

Sasa nikupe habari mbaya. Alois wa Mama Brüning amekufa. Homa ya mapafu, hukohuko kambini, hata bahari hajaiona. Telegramu ilifika jana mkononi mwa Teasdale, akaileta mwenyewe kwa miguu, kofia kifuani. Jeneza linakuja Alhamisi kwa treni ya saa nne asubuhi.

Jana jioni Mama Brüning alisimama mlango wa jiko letu. Hakulia. Akasema, "Lambert, ni wewe."

Nikamjibu, "Ni mimi."

Ikaishia hapo. Wewe ni wa Westfalia, sina haja ya kukueleza. Akifa mtu, jirani wa kwanza ndiye anayemchukua kwa farasi wake. Si ndugu, si padri, ni jirani. Kule nyumbani Ujerumani baba alimchukua nyanya wa akina Hubert katika theluji ya kiunoni, na nyumba mbili zile zilikuwa hazijasalimiana miaka saba. Cobb alijitolea, tena kwa adabu. Mama Brüning akamwambia, "Mwanangu hapandi gari la mtu aliyemcheka jirani yangu." Mama yule!

Nikamwendea Teasdale kwenye pipa. Nikasema, kitoroli basi, utamsukuma taratibu. Akatikisa kichwa. "Askari aliyekufa hasukumwi kwenye kitoroli cha viazi. Njoo mpaka jukwaani. Mimi saa nne ya Alhamisi nitakuwa nimeinamia mashine ya telegrafu, sitaona kitu." Watu wote, hata Cobb, wanadhani jeneza litasukumwa mpaka kwenye pipa kama mzigo mwingine, kwa hiyo jukwaani hakutakuwa na macho. Tunaojua ni mimi, Hulda, Mama Brüning na Teasdale. Na sasa wewe, ili likitokea la kutokea, mmoja wa damu yetu ajue nilikwenda kwa nini.

Naogopa, Gunda. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Lakini nikikataa, nitabeba nini tena katika mji huu?

Usimwambie mtu.

Lambert


St. Louis
20 Machi 1918

Kaka mpenzi,

Usikasirike. Nimekwenda.

Barua yako nilisoma mara tano jana, na leo asubuhi miguu ilinipeleka yenyewe. Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake bwana mmoja mstaarabu, Kijerumani chake kizuri kuliko cha padri, alinipa kiti na maji. Nikamweleza yote. Kwamba wewe ni mchapakazi, karatasi ya pili ilikupita kwa bahati mbaya tu, na kesho unakwenda jukwaani si kwa ubaya, ni kumchukua askari wao wenyewe, kwa amri ya desturi. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliandika kila kitu kwa mwandiko safi: jina lako, jina la mji, treni ya saa nne. Akaniuliza kama una silaha. Nikacheka nikamwambia una mjeledi tu, na hata huo huutumii.

Nikamwomba kibali. Akasema karatasi haitawahi, lakini nisiwe na wasiwasi. "Nitapiga simu leo hii. Kaka yako atapokelewa." Akanisindikiza mpaka mlangoni!

Barua hii najua itakukuta umekwishamaliza kazi. Lakini nimeandika ili tukionana ucheke. Kuna watu wema, Lambert. Nimelala usingizi wa mchana leo, wa kwanza toka Januari.

Gunda wako


Marienau
24 Machi 1918, Jumapili ya Matawi

Wifi Gunda,

Lambert amechukuliwa.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikianza kulia sitamaliza. Alhamisi alifunga kitambaa cheusi kwenye hatamu, akaosha gari usiku wa kuamkia. Mimi na Mama Brüning tulipanda naye. Alipofika kwenye pipa alisimamisha farasi. Akalitazama. Halafu akasema, "Haya, Fanni," tukapita.

Treni ilikuja kwa wakati. Kwenye jukwaa walikuwapo mabwana wawili, makoti marefu, nikadhani ni wa jeshi, wamekuja kwa heshima ya Alois. Wakamwacha Lambert ateremshe jeneza na wale wa treni. Wakamwacha alifunge kamba. Alipovuta fundo la mwisho ndipo mmoja akatoa karatasi mfukoni akamwuliza, "Osterkamp? Lambert Osterkamp?" Wifi, ile karatasi niliiona kwa macho yangu. Jina limeandikwa, mji umeandikwa, saa nne imeandikwa!

Lambert alisema, "Niacheni nimfikishe kanisani, halafu mimi ni wenu." Wakasema hapana. Akawaomba mara ya pili. Kaka yako, ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu! Wakampandisha treni ileile. Farasi wamesimama na jeneza, Mama Brüning amekaa juu ya kiti cha gari anatazama mbele. Nikashika hatamu mimi. Sijawahi kuendesha wale wawili, lakini walikwenda wenyewe mpaka kanisani, pole pole. Nikamfikisha.

Sasa wanasema yuko njiani kwenda kambi ya Georgia, mpaka vita viishe. Lini, hakuna ajuaye.

Na hapa watu wamewaka. Wale wale waliocheka posta, wa kwetu na wengine, wanasema hata kama ni Mjerumani, kumkamata mtu na maiti ya askari mkononi ni laana. Kila mtu anauliza nani alisema. Na jibu liko moja. Telegramu ilipita kwa nani? Saa ya treni aliijua nani? Nani alimwambia "njoo mpaka jukwaani"? Teasdale. Kikulacho ki nguoni mwako. Pipa, kitoroli, vyote vilikuwa mtego. Alikuja kwangu Ijumaa na chupa ya asali, akalia mlangoni, anaapa kwa Mungu si yeye. Nikamfungia mlango.

Mizinga yake ya nyuki imechomwa. Madirisha yamevunjwa. Mkewe ameonekana anafunga sanduku, lakini mzee mwenyewe anakataa kuondoka, anasema mtu asiye na kosa hakimbii. Vijana wanakusanya kuni za moto wa Pasaka kama kila mwaka, ila mwaka huu hawazipeleki mlimani. Wanazirundika nyuma ya nyumba yake. Jumamosi Kuu watamwashia, wanasema hivyo waziwazi dukani kwa Voss, na padri anajifanya kiziwi. Mimi siwazuii. Mungu anisamehe, siwazuii.

Barua yako ya Jumatano ilifika Ijumaa. Ni ya Lambert, sikuifungua. Nimeishonea ndani ya koti lake la baridi, kesho linakwenda Georgia. Angalau asome neno la dada yake huko.

Hulda


St. Louis
27 Machi 1918

Wifi yangu Hulda,

Ni mimi.

Teasdale hana kosa. Nimelisema kwanza ili hata ukiichana barua hii uwe umekwishalisoma. Lambert aliniandikia tarehe kumi na saba, akanitajia siku na saa, akaniambia nisimwambie mtu. Mimi nikaenda mwenyewe ofisini, kwa miguu yangu, nikamweleza bwana mmoja yote, nikidhani naomba kibali. Ile karatasi uliyoiona jukwaani imetoka mdomoni mwangu. Aliniahidi kwamba Lambert atapokelewa, nami nikaja nyumbani nikalala usingizi. Barua uliyoishona kwenye koti inasema hivyo hivyo. Kama koti halijaondoka, ifumue uisome. Kama limeondoka, basi Lambert ataisoma yeye, na sijui nitafanya nini siku hiyo.

Si hilo tu. Karatasi ya kwanza nilijua ni ya kwanza. Kabla ya kuituma nilimpelekea padri, akanisomea, akaniambia, "Mwandikie kaka yako leo hii, huyu si raia." Sikumwandikia. Nikamwambia Lambert nimechelewa kwa mafua. Unataka kujua kwa nini? Mei ya 1901 Lambert alikuwa na siku yake mahakamani, yeye akidhani ni ya kugonga muhuri tu, kumbe ndiyo ilikuwa ya karatasi ya pili. Siku hiyohiyo mimi niliteremka treni ya kutoka bandarini, homa imenipanda, siwezi kusimama. Alikuja akanibeba mgongoni kama gunia, akakaa na mimi wiki mbili. Mahakama ikapita. Nilidhani alirudi baadaye. Nilipoona hana ya pili, nikajua ni kwa ajili yangu, nikashikwa na aibu, nikasema labda Gentry hatasoma vizuri. Hiyo ndiyo akili yangu. Nikanyamaza pale pa kusema, nikasema pale pa kunyamaza, na kila mara nilikuwa nampenda.

Sasa fanya haraka. Ningepiga telegramu, lakini ingepita mkononi mwa Teasdale mwenyewe, na nani angeiamini? Barua hii nimempa mtumishi wa treni, itakufikia Ijumaa Kuu kabla ya ibada. Ibada ikiisha simama juu ya ngazi za kanisa uisome, yote, kuanzia juu. Usiilainishe kwa kunihurumia. Sauti ikikukatika, mpe Mama Brüning aendelee. Halafu mwende wote mkaziondoe kuni zile nyuma ya nyumba ya watu, na wewe umfungulie mlango yule mzee. Moto usipowaka Jumamosi, angalau mmoja kati ya wawili niliowaponza atakuwa amepona.

Najua hutaniita tena wifi. Wakitaka kunijia, anwani naiandika kamili, asiwepo wa kusema hakujua pa kunitafuta.

Kunigunde Osterkamp,
mpishi, mlango wa nyuma, nyumba ya matofali ya pembeni,
Mtaa wa Dolan nambari 41, St. Louis